Mtani Aliyekosekana Tura

Wiki iliyopita, ndugu yangu, treni ilisimama Tura, na mzee aliyekaa mkabala nami akaanza kuimba. Nusu ya maneno aliyakosea, lakini wimbo ule naujua kuliko jina langu. Akasema zamani walikuwapo watoto wawili wakiuimba nje ya madirisha haya haya, eti hajui waliishia wapi. Nikainama, nikajifanya nafunga begi.

Mmoja wao ni mimi. Mwingine alikuwa binti wa jirani yetu, fundi wa reli, Mzaramo aliyeletwa na kazi kutoka pwani. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu babu zetu walipokuwa wakitua mizigo ya misafara huko kwao. Basi yule fundi aliniita mpagazi wake, nami niliingia jikoni kwake na kufunua chungu bila hodi. Alinikimbiza na mwiko, akicheka mpaka anakaa chini.

Asubuhi tulichota maji, tukachemsha karanga, tukapanga michembe ya viazi vilivyokaushwa kwenye sinia kungoja abiria. Wauzaji tulikuwa kama elfu kumi hivi. (Mwalimu wetu wa darasa la jioni alinikataza kutia chumvi, somo hilo tu ndilo nililofeli.) Ili watuone, tukaanza kutukanana kwa wimbo. Yeye, mfupi, sauti nzito kama honi ya treni: "Mnyamwezi we, treni imekubeba, mzigo kichwani wa nini?" Nami, mrefu, kwa sauti ya kifaranga: "Mzaramo we, jembe nimekupa, mbona unalipiga kama ngoma?"

Abiria walijaa upande wetu mpaka mabehewa yakainama. Mwenye duka la kaseti wa Tabora mjini akatusikia, akaturekodi chumbani kwake, magodoro yameegemezwa ukutani. Mwaka ule, kuanzia Kaliua hadi Ziba, hapakuwa na harusi isiyopiga wimbo wetu. Kuku walitaga kwa mdundo wake.

Kisha fundi akafa, ghafla, akiwa kazini. Unajua kazi ya mtani msibani: huvaa kofia ya marehemu, huigiza mwendo wake, huwachokoza wafiwa mpaka wacheke, kilio kipate kupumua. Bibi yangu alinishika sikio, akaniambia kesho ni zamu yangu, yule alikuwa mtani wangu.

Lakini kesho hiyo hiyo mwenye duka alikuwa na harusi mjini, naye alikuwa ameniahidi viatu vipya. Nilimuaga bibi kwamba naenda kuchota maji, nikaacha ndoo kisimani, nikapanda gari la mwenye duka. Niliimba sehemu zote mbili, ya mwenzangu kwa sauti nzito. Nikiri: sijapigiwa tena makofi kama yale.

Niliporudi jioni, bibi hakunichapa, na hilo lilinitisha. Alinieleza tu kwamba jeneza lilikaa juani. Wanyamwezi wengine walikuwapo tele, tayari kuvaa kofia, ila binti aliikumbatia, akawakatalia: mpagazi wa baba ni mmoja, anakuja. Wakangoja, wakangoja, mwisho wakazika.

Nilimkuta mwenzangu kizingitini kwao, kofia bado iko mapajani. Akavitazama viatu vyangu.

"Tulikungoja," akasema. "Baba kazikwa kama mgeni."

Hakuimba tena. Mwenye duka alinitafutia msichana mwingine, hakuna aliyecheka. Kabla ya mvua, mama wa mwenzangu alifunga mizigo, wakarudi pwani. Baadaye nilijifunza kuandika barua nzuri kuliko karani wa wilaya, na yeye sikumwandikia hata moja.

Kaseti zile mchwa wamekula. Fundi kaburini kwake hana hata wa kumpalilia. Nimewauliza wanangu mtani ni nani, wakanionyesha mchekeshaji kwenye simu. Nikafungua mdomo niwasahihishe, nikaufunga. Siku moja tu nilihitajika kuwa mtani, na siku hiyo nilikuwa mchekeshaji.