Bendera Nyekundu Iliyolala

Kama kuna mtu aliyezaliwa amekunja uso kwa shaka, basi ni Mama Bendera. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyachemsha, na akishayachemsha akayanusa tena. Ukimwambia mlango umefungwa, alirudi kuutikisa. Ukimsalimia kwa uchangamfu mwingi, alikuitikia taratibu huku akikupima toka juu hadi chini, kana kwamba nyuma ya salamu umeficha shida. Mumewe alikuwa na utani wake: "Huyu mke wangu, hata jua likichomoza, anachungulia kwanza dirishani aone kama ni lenyewe."

Kazi yake ilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Alikuwa msimamizi wa gati dogo ambako watu walipandia mashua za tanga kwenda kisiwani, na kila asubuhi ndiye aliyepandisha bendera. Ya kijani, nendeni. Ya njano, punguzeni tanga na kila abiria avae jaketi la kuokolea. Nyekundu, hakuna tanga linalofunguliwa, hata la mjomba wake mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimkera. Tangu ghala jipya la ghorofa lijengwe nyuma ya gati, mafundi walikuja wakakihamisha kipima upepo, kile chenye vikombe vidogo vinavyozunguka, wakakipachika juu ya paa la ghala. Ofisini kwake kulibaki kioo cha kuonyesha namba, na bendera ikabaki palepale chini, mlangoni. Kusomewa upepo na kioo, kwake ilikuwa kama kusimuliwa habari na mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Sasa asubuhi hiyo kioo kikamwambia upepo ni mkali, tena mkali wa kuvunja matawi. Mama Bendera akatoka nje, akatazama. Bahari ilikuwa imelala kama shuka lililopigwa pasi. Akalamba kidole, akakiinua. Hakuna kitu. Akarudi ndani, akakigonga kioo kwa ukucha. Namba ikapanda badala ya kushuka.

"Unanidanganya wewe," akakiambia. Lakini amri ya kazi ni amri. Akapandisha nyekundu.

Bendera ikaning'inia kwenye mlingoti wake kama taulo bafuni.

Kelele zilianza hapohapo. Nahodha wa mashua ya kwanza alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye kofia ya bluu asiyoivua hata akila. Na ndani ya mashua, begi mapajani, viatu vipya miguuni, alikaa huyo mdogo wake mwenyewe. Leo alikuwa anaripoti kazini kwenye shule ya kisiwani, kazi aliyoisubiri mpaka akakaribia kukata tamaa. Mwalimu mkuu alishamwambia: asipofika leo, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Shemeji, nyekundu ya nini?" nahodha akauliza, mikono kiunoni. "Hebu itazame hiyo bendera yako. Yenyewe imesinzia!"

Abiria wakacheka.

"Kipimo kinasema upepo upo."

"Upo wapi? Mfukoni mwako?"

"Dada," mdogo wake akaita kutoka kwenye mashua, kwa sauti ya chini inayouma kuliko kelele. "Leo tu. Nakuomba leo tu."

"Si umpigie mwalimu mkuu, umweleze?"

"Nimpigie mkubwa wangu siku ya kwanza, nimwambie dada yangu kanizuia? Tena bahari hii anaiona!"

Nahodha akamsogelea Mama Bendera, akamnong'oneza. "Shemeji, tumia akili. Tanga likizuiwa, nani anapata abiria? Si Injini? Na ufunguo wa paa la ghala anao nani? Si huyohuyo Injini? Jana jioni nimemwona kwa macho yangu anashuka ngazi za paa, mikono imejaa uchafu. Mashine yako imechezewa, shauri yako."

Injini ndiye aliyeendesha boti pekee ya mashine pale gatini, na ghala lilikuwa la mjomba wake. Mama Bendera akageuka kumtazama. Jamaa alikuwa amechuchumaa pembeni, anafunga kamba za boti yake kimya kimya. Ukimya ule ukazidi kumtia wasiwasi. Mtu wa maneno mengi kama Injini, leo kimya? Kisha akamtazama shemeji. Na huyu naye, mbona ana haraka ya kumchongea mwenzake? Kisha akaifikiria mashine, kisha macho yake mwenyewe. Kila aliyemgusa kwa mawazo alikuwa na doa.

Lakini mashua ilikuwa na mdogo wake ndani. Akikosea kwa upande huu, mdogo anapoteza kazi na hatamsamehe. Akikosea kwa upande ule, hatakuwepo wa kumsamehe.

"Injini!" akaita. "Lete ufunguo. Tunapanda juu, mimi na wewe na shemeji. Mwingine asiguse kamba."

Injini akainuka, uso umemshuka. "Mama, juu kuna vitu vyangu binafsi."

"Ndiyo maana nataka kuviona."

Wakapanda, Injini mbele akiburuta miguu, nahodha nyuma akitabasamu kama aliyeshinda kesi. Ngazini joto lilikuwa limetulia, hata buibui hakutikisika kwenye utando wake. Injini akazungusha ufunguo, akasukuma mlango wa paa. Haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Ukafunguka kiganja kimoja, ukajifunga tena kwa kishindo, kama kuna mtu upande wa pili.

"Nani yuko huko?" Mama Bendera akauliza.

"Upepo, Mama," Injini akasema.

Walipousukuma wote watatu, upepo uliwapiga machoni mpaka machozi yakawatoka. Ulikuwa unatoka nchi kavu, unapita juu ya paa na kuelekea baharini. Ghala lilikuwa limelikinga gati lote mgongoni mwake, na bendera, na kidole cha Mama Bendera, na ile bahari iliyopigwa pasi. Kwenye pembe, vikombe vya kipimo vilizunguka kwa kasi hata havikuonekana kama vikombe. Hakuna mkono uliovichezea.

Chini ya mlingoti wa kipimo kulikuwa na makopo ya rangi yamebiringika, udongo umemwagika, na miche ya nyanya imelala imekatika shingo.

Injini akachuchumaa, akaokota mmoja. "Nilitaka zikizaa ndio nimwambie mke wangu," akasema. "Jana nimezipandisha zote."

Mama Bendera akamvuta nahodha mkono mpaka ukingoni, akamwonyesha. Karibu na gati maji yalitulia, ndiyo. Lakini mbele kidogo mabaka meusi yalikimbia juu ya maji kuelekea nje, moja baada ya jingine. Mbele zaidi kulikuwa kweupe kwa mapovu. Na kule bahari inakokutana na mbingu, mstari haukuwa umenyooka. Ulikuwa na meno kama msumeno.

"Kutoka hapa mngetoka mkiimba," akamwambia. "Kurudi je, shemeji? Ungerudi na nini?"

Nahodha akafungua mdomo kujibu, na hapo upepo ukamvua kofia.

Kule gatini abiria waliona kitu cha bluu kinaruka juu ya vichwa vyao, kinapita mashua zote, kinatua majini mbali kidogo. Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Kofia haikuelea ikatulia. Iliondoka. Iliondoka kama ina safari yake, ikaingia kwenye baka jeusi, ikabinuka, na kabla mtu hajasema ishikeni, haikuonekana tena.

Mama Bendera alipofika chini, mdogo wake alikuwa ameshashuka kwenye mashua, viatu vipya mkononi, simu sikioni.

"Nahodha wetu ana kichaa, mwalimu, alitaka kutuvusha," alikuwa akisema. "Samahani, ni mume wangu. Huko mawimbi yakoje?"

Akasikiliza. Akamgeukia dada yake.

"Anasema maji yanapanda juu ya gati lao, hakuna aliyevuka kwenda wala kurudi. Nafasi ataishikilia mpaka bahari itulie."

Mama Bendera akakunja uso.

"Mwambie arudie kusema," akasema, akitega sikio karibu na simu. "Nisikie mwenyewe."