Mume Aliyekuja Kupimwa Damu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka najikuna kichwa. Nilikuwa ndio kwanza nimerudi Machakos kutoka Botswana, ndevu zangu bado nyeusi, viatu vinang'aa, na diploma yangu ya maabara ya hospitali nimeitia katika fremu ya kioo. Usiicheke diploma. Mimi niliyeuza machungwa kwenye madirisha ya magari pale Kyumbi nilijisomesha mwenyewe, bila mjomba wa kunishika mkono, na huko ugenini nilikabidhiwa maabara nzima. Niliporudi, chuo kikuu cha pale Machakos kilinichukua kwa vipindi vya maabara tu, lakini mwalimu wa somo la kinga ya mwili alipohama katikati ya muhula, aliyeitwa kulishika lile darasa ni mimi. Wenye digrii mbilimbili walikuwapo, wakabaki wanatazamana. Baadhi ya wanafunzi waliniita Daktari, nami sikuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Kinga ya mwili ni elimu ya kumjua nani wa nyumbani na nani mgeni. Ndivyo nilivyoifundisha. Niliwaambia mwili ni boma, na chembe nyeupe za damu ni askari wake. Kabla ya kupewa rungu, baadhi ya askari hao hupitishwa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, wakaonyeshwa watu wa nyumbani. Atakayemrukia mwenyeji huuawa palepale. Wakiponyoka wachache, ndipo yanapokuja yale magonjwa ya mwili kujishambulia, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako. Mfano ule ulipendeza. Nilijisikia mwenyewe nikiusema, nikafurahi.

Basi siku hiyo mwanafunzi mmoja akainua mkono. Jina lake Mwongeli, mkubwa kidogo kuliko wenzake, ameolewa huko Kola na alikuwa akitoka nyumbani kila siku kuja masomoni.

“Mwalimu, niko na swali. Mtoto aliye tumboni, nusu yake si ya mama. Ni ya baba. Mbona hao askari hawamfukuzi?”

“Pengine ako na barua ya chifu,” kijana mmoja akasema kutoka nyuma, darasa likaangua kicheko.

Nilicheka nao ili nipate nafasi ya kufikiri. Nikasema kondo la nyuma ni ukuta kati ya mama na mtoto.

“Na ukuta huo haupitishi kitu?”

“Hupitisha chakula. Na hewa.”

“Kwa hivyo ni mlango, Mwalimu,” akasema taratibu, bila ubishi, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

Nikawaambia tutaendelea wiki ijayo. Jioni nilivifungua vitabu vyangu vyote. Kila kimoja kilinijibu kipande, na kila kipande kilizaa swali lingine. Nililala nimechanganyikiwa kuliko wanafunzi wangu, jambo ambalo sikulizoea.

Wiki iliyofuata tulikuwa maabara. Kila mwanafunzi alijichoma kidole na kuipima damu yake kwenye kigae cheupe. Unaweka tone la damu, unaongeza tone la dawa, unatikisa. Damu ikishikana vidonge vidonge kama uji uliokorogwa vibaya, jibu ni chanya. Tone la mwisho la Mwongeli halikushikana. Damu yake ilikuwa hasi, ile ambayo watu huiita negative. Wengine walipotoka alibaki akikitazama kile kigae, kisha akaniambia kwamba ana mimba, na kwamba iliyotangulia ilitoka.

Hapo sasa alikuwa amefika kwenye uwanja wangu. Nilimweleza kwamba damu ya mtoto ikiwa chanya na ikavuja kidogo kuingia kwa mama mwenye damu hasi, mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili za kuipiga vita. Mara nyingi mtoto huyo hupona, lakini wale wanaofuata huweza kufia tumboni. Iko sindano ya kuzuia, ila lazima ipigwe mapema, mwili ukishajifunza vita haifai kitu. Nikamaliza kwa kumwambia, “Mlete mume wako tumpime. Damu yake ikiwa hasi kama yako, hakuna hatari.”

Akatazama chini. “Mwenye nyumba yangu ni mzee, Mwalimu. Hapendi safari.”

“Mwambie ni lazima.”

Alikuja. Siku chache baadaye mlango wa maabara ulifunguliwa, akaingia bibi kizee mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, Mwongeli nyuma yake. Alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa sweta, akaninyoshea kidole.

“Nimeambiwa mume anatakiwa,” akasema kwa Kikamba. “Nimekuja. Pima.”

Nilimwita Susu, kama tunavyowaita bibi zetu. “Susu, ninayemtaka ni mume wa Mwongeli.”

“Unamwona mwingine hapa?”

Mwanangu, nilizaliwa Ndithini. Nikiwa mtoto niliwasikia wazee wakisema kwamba mama asiyejaliwa mtoto huweza kutoa mbuzi na ng'ombe akaoa mke, ili nyumba yake isife. Watoto watakaozaliwa ni wake, wa jina lake na wa shamba lake, na mwanamume aliyesaidia hatajwi wala haulizwi. Nilidhani mambo hayo yalizikwa na babu zangu. Kumbe yalikuwa yamekaa mbele yangu, yameninyoshea kidole. Nilisimama na sindano mkononi, sijui niichome au niirudishe mezani. Damu yake isingeniambia lolote. Nikafanya nilichofunzwa, nikauliza.

“Basi, Susu, yuko yule mwanamume ambaye…”

“Wewe ni mtoto wa nani?”

“Wa Nzioka, wa Ndithini.”

“Na mama yako ndivyo alivyokufunza kuuliza katika nyumba za watu?”

“Ni damu inayouliza, Susu. Si mimi.”

“Damu haina mdomo. Mdomo nauona ni wako.” Akaushusha mkono wa sweta. “Mwongeli, twende.”

Mwongeli hakuonekana tena darasani. Mwenzake mmoja aliniletea habari kwamba bibi amekataza chuo na amekataza kliniki, kwa kuwa huko watu huvua nyumba nguo. Na mimba ilikuwa inaukaribia mwezi wa saba, ambao ndio wa sindano. Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa nimesema kweli tupu, ya kitabuni, na kweli hiyo ndiyo iliyoufunga mlango. Ningefanyaje? Niombe radhi kwa kusema kweli?

Nilikwenda kwa mkuu wa idara yetu, Daktari Mutisya, huyu daktari wa kweli aliyetibu watu kabla sijajua kushika darubini. Alikuwa ofisini anakula muthokoi. Nilimweleza yote, nikaipamba sayansi yangu vizuri. Alitafuna, akameza.

“Huyo baba unamtafutia nini?”

“Tuijue damu yake.”

“Ukijua ni chanya, utafanya nini?”

“Mama apigwe sindano.”

“Na usipomjua kabisa?”

Akachota kijiko kingine.

“Apigwe sindano vilevile,” akasema. “Sindano haimhitaji baba, kijana. Haya, wewe ulikuwa unamhitaji kwa kazi gani?”

Akarudia chakula chake. Kitabu kiliniambia niulize, ni kweli, lakini hakikuniambia kwamba naweza kuacha. Nimelifikiria swali lake miaka yote hii na jibu lake zima sijalipata.

Jumamosi nilikwenda Kola. Nilimkuta bibi ameketi uani akiambua mbaazi, Mwongeli akifua karibu. Hakuniambia karibu wala hakunifukuza. Alinisogezea ungo, nikakaa, nikaambua naye.

“Susu,” nikasema mwishowe, “simtaki mwanamume yeyote. Ninakuomba ruhusa wewe, mwenye nyumba, mke wako apigwe sindano.”

“Inamfanya nini?”

Nikafungua mdomo nimpe boma langu na askari wangu. Nikaanza, “Mwili wake unamwona mtoto kama mgeni…” nikakwama. Niliwatazama wawili wale. Mwongeli alitoka ukoo mwingine. Mtoto alitoka pasipotajwa. Bibi hakuwa na hata tone la damu yake ndani ya Mwongeli wala ndani ya mtoto. Na pale ndipo nyumbani, mwanangu, mahali ambapo mtoto alikuwa akisubiriwa kwa hamu kuliko nyumba nyingi nizijuazo. Somo langu lote la mwenyeji na mgeni halikuwa na kigoda cha kukalia katika ua ule.

“Inautuliza mwili wa mama,” nikasema, “usije ukawachukia watoto watakaofuata.”

“Ni dawa ya kuzuia chuki.”

“Ni kama hivyo, Susu.”

“Si ungesema hivyo tangu mwanzo.” Akamgeukia Mwongeli. “Tutakwenda Jumatatu.”

Walikwenda wote wawili. Kipimo kilionyesha kwamba mwili wa Mwongeli ulikuwa haujajifunza vita, na sindano ikapigwa kwa wakati. Akajifungua msichana mwenye damu chanya, akapigwa sindano ya pili mara tu baada ya kujifungua. Miaka miwili baadaye alizaa mvulana mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mwongeli alirudi chuoni, akamaliza.

Mimi naendelea kufundisha, na vizuri, hilo hata wenye digrii wanakubali. Ila nikifika kwenye lile swali la mtoto aliye tumboni, nawaambia wanafunzi tunachokijua, kisha nawaambia mimi mwenyewe sielewi vizuri. Wanaandika. Sijui wanaandika nini.

Basi shika neno langu, mwanangu, wewe utakayevaa koti jeupe ukaingia katika maisha ya watu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami siwapingi. Lakini kabla hujamuuliza mtu jambo la ndani, jiulize kama dawa inalihitaji jibu lake. Kama hailihitaji, liache. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe umeitwa kumnywesha mwenye kiu, hukuitwa kuihoji kata. Kweli uliyonayo isikufanye ukose adabu. Na pale usipoelewa, kaa chini uambue mbaazi na watu, usikimbilie kusema.

Mwenyezi Mungu aitulize mikono yako na ulimi wako. Akuepushe na elimu inayofunga milango. Akupe wa kukuita mtoto wao hata kama hamkuchangia damu, na popote utakapobisha hodi, upokewe kwanza, maswali yafuate.