Nilimfukuzisha Fundi wa Mageti kwa Kosa la Feni Yangu

Kosa ni langu. Nalisema hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ninakujua sana, na ndiko kulikonifikisha hapa.

Nilimfukuzisha baba wa watu mahali pake pa kazi kwa sababu ya feni ya kompyuta. Ndiyo, feni! Kidude kinachoenea kwenye mfuko wa sukari.

Nina chumba cha kazi Ibighi, hapa Tukuyu mjini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za vitambulisho. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuhariri video: harusi, kipaimara, misiba, kwaya. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, lakini ina nguvu. Siku moja feni iliyokaa juu ya prosesa ikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Prosesa, kwa wasioijua, ndiyo kichwa cha mashine. Ikichemka bila kupozwa, kompyuta inajizima yenyewe ili isiungue.

Nikaenda Mbeya kutafuta feni nyingine, ya bei ninayoiweza.

Muuzaji, baba mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniwekea mbili mezani. Bei zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa bonge la mabati lenye mabomba manne ya shaba na feni moja nyeusi, mbaya kama jiko bovu. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeupe, na ilipochomekwa ikawaka taa za rangi zote. Jamani! Moyo wangu ulishanunua kabla mkono haujafika kwenye pochi.

"Dada, chukua hii," akasema, akisogeza lile baya. "Haina sura, lakini inapoza. Hiyo nyingine ni ya kupigia picha."

"Kwetu Tukuyu kuna baridi, baba. Nguo ukifua Jumatatu unaanua Alhamisi. Joto litatoka wapi?"

"Baridi ya Tukuyu haijui njia ya kuingia kwenye prosesa. Inapelekwa na feni."

"Nipe ya taa."

"Basi nikuoneshe inavyofungwa."

"Nimeangalia video, najua."

Ole wangu! Video niliiangalia kweli. Ila niliruka pale mwanzo mtu anapofungua boksi, maana kufungua boksi nani asiyejua?

Nikafunga mwenyewe, nikapaka pesti, ile dawa ya kuhamisha joto inayofanana na dawa ya meno, nikakaza skrubu, nikawasha. Chumba kikawa ukumbi wa harusi. Watu walikuja kutoa kopi moja wakabaki nusu saa wanashangaa. Upepo wake usingezima kiberiti, lakini ulikuwa upepo wa rangi!

Wakati huohuo kwaya ya usharika wetu ilikuwa imenipa kazi kubwa. Walikuwa wamerekodi nyimbo zao zote kwa video. Walishona sare, wakaenda kuimba katikati ya mashamba ya chai huku wakipunga mikono, na uzinduzi ulishatangazwa kanisani. Mwenyekiti wa kwaya hiyo ndiye mama mwenye nyumba wetu. Sisi wapangaji tunamwita Mama Mwenyekiti, naye hana habari na jina lingine.

Kila nilipoiamuru kompyuta imalizie video, ilifika nusu, ikazima. Pu! Narudia, inazima.

Sasa nimlete Baba Neema. Neema si jina la mwanawe, nimelibadilisha. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na magrili uani, nyuma ya chumba changu. Grili ya dirisha langu alinichomelea yeye, tena kwa asante tu. Akigusisha chuma na mashine yake, taa yangu ya chumbani inapepesa.

Basi! Nikampata mbaya wangu. Joto sikuliwaza hata dakika moja. Joto, Tukuyu? Mimi mwenyewe nilikuwa nahariri nimevaa sweta mbili!

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikachukua daftari, nikaandika: saa ngapi, kompyuta imezima, Baba Neema anachomelea. Saa ngapi, imezima tena, anachomelea. Kurasa mbili zikajaa, mwandiko mzuri, mistari imenyooka.

Na hapa ndipo penye dhambi yenyewe. Mara mbili ilizima yeye akiwa ameenda kula. Uani kimya, hakuna hata cheche. Mara hizo mbili sikuziandika. Msidhani nilisahau. Nilishika kalamu, nikaiweka chini.

Jumamosi moja Mama Mwenyekiti akaja na wanakwaya kama kumi hivi, wametoka mazoezini.

"Video yetu iko wapi, mwanangu?"

"Mama, inafika nusu, kompyuta inazima."

"Inazimwa na nani?"

Nilinyoosha kidevu kuelekea uani. Tukatoka wote. Nikafungua daftari mbele ya watu na kuanza kusoma kama karani wa mahakama. Baba Neema akazima mashine, akapandisha kinyago chake cha kazi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "mimi nachomelea hapa tangu wewe hujahamia. Ile feni yako ya zamani ilipokuwepo, kompyuta ilikuwa inazima?"

"Ya zamani ilikuwa imekuzoea."

Wanakwaya wakacheka. Sauti ya kwanza, ya pili, mpaka besi! Nami nikajiona mjanja.

"Sawa. Haijawahi kuzima mimi nikiwa kimya?"

"Haijawahi."

Uongo ulinitoka mwepesi kuliko salamu. Alinitazama kidogo, akashusha kinyago.

Mama Mwenyekiti akamwambia mwezi ukiisha aondoke. "Kazi ya Bwana haiwezi kukwama kwa ajili ya mageti," alisema, na wengine wakaitika amina. Baba Neema hakubishana. Mwezi ulipoisha akapakia mashine na vyuma vyake kwenye bajaji ya mizigo, akarudi kwao Matwebe. Kule ni mashambani. Geti la chuma kule anataka nani? Ng'ombe?

Jumatatu ya kwanza bila yeye nilikaa kwa raha, uani kumetulia kama kanisa la siku ya kazi. Nikaiamuru kompyuta imalizie video.

Ilifika nusu. Pu!

Nilikaa nikitazama kioo cheusi, na kilichokuwa kinanitazama humo ni sura yangu. Nikaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta. Moto! Ungeweza kupasha kiporo. Nikafungua, nikang'oa feni yangu ya harusi, nikaigeuza.

Kwenye kitako chake, pale kinapokutana na prosesa, kulikuwa na karatasi ya nailoni. Ile inayobandikwa kiwandani kukinga shaba isichubuke. Imejikunja kwa joto, pesti imepakwa juu yake. Na ilikuwa imeandikwa, kwa Kiingereza, herufi kubwa nyekundu: ondoa kabla ya kufunga.

Nilibandua kwa ukucha. Nikafuta, nikapaka upya, nikafunga. Video ikamalizika bila kukohoa. Kwenye uzinduzi niliitwa mbele nikapigiwa makofi. Nilisimama pale natabasamu kama mwizi aliyekabidhiwa funguo!

Baada ya uzinduzi nilikwenda kwa Mama Mwenyekiti, nikamweleza. Akavuta mlango kwanza.

"Nyamaza na jambo hilo. Mimi ndiye niliyemwambia aondoke. Unataka nionekaneje? Halafu pale nimeshampangisha mtu wa kuku."

Sikulala vizuri. Nikakodi bodaboda mpaka Matwebe, mvua inanyesha. Nilimkuta Baba Neema chini ya upenu wa nyumba yake, anaunga mpini wa jembe. Nilimwambia yote, mpaka zile mara mbili ambazo sikuziandika.

"Nailoni?" akauliza.

"Nailoni, baba."

"Ukubwa gani?"

Nikamwonesha kwa vidole. Akaangua kicheko mpaka akaweka jembe chini.

"Mama Neema! Hebu njoo umwone aliyetufukuza mjini! Anatosha kwenye kiganja!"

Mkewe akatoka na sinia la magimbi, akasikiliza. Yeye hakucheka. Aliweka sinia mbele yangu, akasema, "Karibu, kula," akageuka, akarudi ndani.

Nikamwomba Baba Neema msamaha. Kicheko kilikuwa kimeshamwisha.

"Mimi umeniambia la nini? Mimi nilikuwa najua kwamba si mimi. Ulisoma daftari mbele ya watu, dada. Na wateja wangu wote walikuwa ni watu wale. Kawaambie wao."

Nyie mnaotafuta feni ya prosesa ya bei nafuu, nisikilizeni. Acheni taa! Ulizeni inapoza kiasi gani, na kama miguu yake inaingia kwenye mashine yenu. Muuzaji akisema akuoneshe kufunga, mwache akuoneshe, hata kama unatoka kwenye baridi ya barafu. Bandueni nailoni. Na mashine ikizima, fungueni mashine kabla hamjafungua mdomo juu ya jirani. Mkianza kuandika makosa ya mtu, andikeni na yale yanayomwokoa.

Jina langu sikuliweka, lakini mtu wa Ibighi akifika hapa ameshanijua. Ndivyo nilivyotaka. Jumamosi kwaya ina mazoezi, na nitasimama kabla hawajapasha sauti, Mama Mwenyekiti awe amekaa hapohapo. Nimeandika kwanza, kwa sababu najijua: nisingeandika, ningefika mlangoni pale nikaulizia kama kuna mtu anataka kopi.