Chumvi ya Kiganjani

Mama wa boma la pili hamwiti daktari wa mifugo ovyo, maana njia inapita kwenye kizuizi cha askari, na hapo kila Msomali huonekana shifta, jambazi wa mpakani. Ng'ombe akiugua, humshika sikio, humnusa pumzi, kisha humnyooshea chumvi kiganjani. Akilamba, mama humwambia jirani yake Hawo, "Huyu bado wangu." Leo ng'ombe aligeuza uso. Mama akajitanda shuka. "Abaayo, dada yangu Hawo, huyu sasa ni wa daktari." Alirudi na Daktari Mutiso, mtu wa bara, jasho likimtiririka daktari huyo shingoni, nyuma yao askari wa kizuizi aliyenuna. Mutiso akainama kufungua mkoba, na ng'ombe akamlamba shingo nzima. "Kumbe alitaka chumvi ya bara," mama akasema. Askari akageukia kando, mabega yakimtikisika.