Moshi wa Kibuyu na Pilipili ya Silantoi

Dada yangu Silantoi ana kibanda cha chakula Kimandolu, na mfuko wa aproni yake haukosi pilipili mbuzi. Anazitafuna hivihivi, jamani, kama mtu anayekula karanga! Sisi watoto wa wafugaji tuliolelewa kwa maziwa, pilipili tumeijulia wapi?

Ilianza mwaka juzi, mafua makali yalipomwondolea ladha na harufu. Mafua yakaisha, ladha haikurudi. Nyama, ndizi, chai, vyote kwake vikawa maji ya uvuguvugu. Daktari akamwambia pilipili haingoji ladha: inagusa mishipa ileile inayosikia moto, ndiyo maana hata yeye ulimi unamwaka, pua inachuruzika na masikio yanapata joto.

"Angalau najua kuna kitu mdomoni," aliniambia.

Nilimcheka sana, mpaka siku alipotia pilipili kwenye loshoro ya mama. Ni mahindi na maziwa mgando tu, lakini mama hakuwahi kugandisha maziwa kabla hajakifukiza kibuyu kwa kijinga cha mzeituni wa porini. Moshi ule ndio nyumbani kwetu. Mama alipoona pilipili inaelea mle, aliweka kijiko chini.

"Silantoi, maziwa yangu yamekukosea nini?"

"Yeyo, moshi wako siusikii tena." Alikuwa amemficha miezi minane. Akalia kama mtoto.

Mama hakugomba. Alilivuta lile bakuli akala, yeye ambaye kwa miaka themanini hakuwahi kugusa pilipili. Akakohoa, jasho likamtoka, akaongeza kijiko kingine.

"Haya, tutakula hivi. Lakini kibuyu nitakifukiza tu. Pua yako ikirudi, iukute moshi."

Mama alifariki Julai. Pua haijarudi. Kibuyu anacho dada, na hataki kioshwe. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiwekea mbele.

"Nusa. Moshi bado upo?"

Nanusa, namwambia upo, naye anafumba macho kidogo. Namkumbuka mama.

Jumapili iliyopita niliingiza pua nzima. Nikanusa tena. Kilinuka kibuyu kikavu, basi.

"Upo?"

"Upo, dada. Tena mkali."

Alicheka kwa furaha, akanipa pilipili moja kwa utani, maana anajua siziwezi. Niliipokea haraka nikaitafuna yote, machozi yakinitoka nipate cha kusingizia.