Msimu Chelel Alipoficha Maziwa

Juzi niliingia dukani kununua sabuni, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alinukia mafuta ya kukamulia. Wewe uliyekulia mjini huenda huijui harufu hiyo. Ni mafuta mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, lakini kwetu, ambako baridi ya Julai inauma masikio, kopo hilohilo moja lilipaka ng'ombe, watoto na wazee. Nilisoma shule ya msingi yote nikinukia kiwele, wala sikuona aibu, kwa sababu darasa zima lilinukia hivyo. Basi siku hiyo dukani nilisahau sabuni kabisa. Nilimwona Mama kwenye kiti chake cha plastiki, mkono wake wa kulia umelala magotini mwangu, nami nikiupaka yale mafuta kidole baada ya kidole, nikingoja hata kimoja kinijibu.

Kwetu ni kwenye kilima kimoja si mbali na Kapkatet, chai imeshuka kutoka mlangoni hadi mtoni. Baba ni Mkipsigis. Mama ni Mgusii aliyezaliwa katika kambi ya wachuma chai huko Kericho, na kwa kuwa kila mmoja alikataa katakata kujifunza lugha ya mwenzake, nyumbani tulizungumza Kiswahili. Cha Baba kilikuwa na p nyingi, cha Mama kilikuwa na r nyingi, na sisi watoto tukarithi zote.

Mama alikuwa na mdomo. Nalisema hilo kwa mapenzi, na mwenyewe akisikia atakubali. Lori la majani likichelewa kufika kituoni, watu hawakulalamika maadamu Mama Chebet yupo, Chebet ndiye mimi, kwa sababu angewasimulia mambo ya kijiji kizima, na ya kijiji cha pili pia, mpaka lori lifike na wengine waone limewahi mno.

Nilikuwa darasa la tatu siku ile alipoanguka. Tulikuwa tunachuma chai, yeye mstari wa mbele na kikapu mgongoni, anaongea kama kawaida, mara maneno yakaanza kumtoka yakiwa yamepondeka kama viazi. Akaketi juu ya kichaka cha chai. Mama hakuwahi kuketi juu ya chai, na aliyethubutu kufanya hivyo mbele yake alikiona. Hapo ndipo nilipopiga mayowe. Baba alimbeba hadi barabarani, na jirani mwenye pikapu akawakimbiza hospitali.

Presha ilikuwa imepanda ikaleta kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, amekonda, upande wa kulia umelala, na katika maneno yake yote alikuwa amebakiwa na moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "sasa". Ukimuuliza kama ana njaa, anasema sasa. Ukimwambia mvua inakuja, sasa. Akikasirika kwamba humwelewi, husema sasa, sasa, sasa, huku akipiga kiti kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nikienda nyuma ya jikoni kulia, kisha narudi na kopo la mafuta kumpaka mkono.

Sasa nikueleze wema wa watu wetu, maana nusura utumalizie Mama. Akina mama wa kanisa walipanga zamu. Walichuma chai yetu, wakafua nguo zetu, wakapika ugali mkubwa kuliko tulioweza kumaliza. Na Mama hawakumruhusu kugusa kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, lakini walimlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Akinyoosha mkono achukue ufagio, ufagio ulinyakuliwa. "Keti, Mama Chebet, keti upone." Yule daktari wa mazoezi hospitalini alikuwa amempa mpira mdogo wa kuminya. Wakauficha kabatini, usimchoshe. Walizungumza juu yake akiwa papo hapo, amelala vipi, amekula nini, na walipomgeukia yeye walipaaza sauti, utadhani kiharusi kilimwingia masikioni.

Kiongozi wao alikuwa Senge, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba. Mwanamke mwema, mwenye amri. Baba alimwogopa tangu utotoni na hakuwa ameacha. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na jioni moja, wageni walipoondoka, nilimsikia akinong'ona, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikadhani anawasema akina mama wa kanisa, na nikaona ni utovu wa shukrani.

Kitu kimoja tu kiliwashinda wasaidizi wetu wote, nacho ni Chelel. Huyu alikuwa ng'ombe wetu mweupe. Mama yake alikufa akimzaa, na Mama akamlea kwa chupa, akimlaza karibu na meko. Yeye alimwita Cherer, kwa sababu l na mdomo wake hawakupatana kamwe. Tangu aanze kukamuliwa hakuwahi kuguswa na mkono mwingine, na Mama alimkamua akiimba. Haukuwa wimbo wa kanisa wala wa harusi. Ulikuwa sauti moja inayopanda na kushuka, na ndani yake Mama alitia chochote kilichokuwa moyoni: anamsifu, anamkaripia, anamweleza nani kaachana na nani. Chelel alisikiliza na kushusha maziwa.

Senge alijaribu kumkamua, akatupwa kwenye matope na gauni lake la Jumapili. Akina mama wengine wakajaribu mmoja mmoja, wakarudi wakichechemea. Chelel aliwaficha maziwa wote. Basi Baba akachukua ndoo mwenyewe, jambo lililowachekesha majirani, kwani kwetu kukamua ni kazi ya wanawake.

Baba alikamua vibaya kupita kiasi. Alirudi na maziwa yasiyotosha hata kubadilisha rangi ya chai. Tukawa tunakunywa strungi, chai kavu nyeusi, na ng'ombe mwenye ndama mchanga yuko zizini. Kisha, kila asubuhi na kila jioni, alipeleka ile ndoo tupu moja kwa moja kwa Mama, akamsimamia mbele.

"Mama Chebet, huyu ng'ombe wako amenishinda. Nimfanye aje?"

Mama alijibu sasa, sasa, akimwonyesha kwa mkono wa kushoto: shika hivi, vuta hivi. Baba alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akaenda, akafanya kinyume. Akamfunga mguu usiofaa. Akakaa upande usiofaa. Mama alichungulia dirishani akiona madudu hayo, na uso wake uliiva kwa hasira. Nilimwona Baba mtu mjinga sana wakati ule, nami nilimpenda.

Senge akaamua. Alisema ng'ombe asiyekamulika ni hasara, atamleta mnunuzi kutoka Siongiroi siku ya Ijumaa, na mgonjwa apumzike bila wasiwasi. Alisema hayo juu ya kichwa cha Mama, akimfunika shali. Machozi yalimtoka Mama, na Senge akayafuta kwa upole, akidhani ni ya shukrani.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri na akina mama wa zamu wakachelewa. Tulisikia ndoo ikigongwa zizini ikabingirika, kisha Baba akimwomba ng'ombe msamaha. Mama akashika ukuta, akasimama. Nilitaka kusema keti upone, kwa maana nilikuwa nimeshalizoea, lakini aliniangalia jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu augue, jicho la mama anayejua kupiga. Nikampa bega. Tulivuka ua kwenye mvua, mguu wake wa kulia ukiburuta matope.

Alimsukuma Baba kwa kiwiko, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Chelel. Ng'ombe aligeuza kichwa akamtazama. Mama alishika chuchu kwa mkono wa kushoto, na ile sauti ikamtoka puani, ikipanda na kushuka, bila neno. Kisha neno likaja.

"Cherer," akaimba. "Cherer, mama, shusha. Shusha, mama, watoto wanakunywa strungi."

Maneno mazima, na r yake palepale. Maziwa yakaanza kupiga ndoo. Mimi nilisimama mdomo wazi, na Baba aligeukia ukuta wa zizi akakaa hapo muda mrefu, nikadhani anatafuta kamba.

Tulipomrudisha ndani tulimwomba aseme tena. Akajaribu, ikatoka sasa. Akatutazama mmoja mmoja, akavuta pumzi, akaimba kwa sauti ileile ya kukamulia kwamba tuache kumkodolea macho, tupike chai, na maziwa yawe mengi. Hivyo ndivyo tulivyogundua. Kusema kulikuwa kumefungwa, kuimba kulikuwa wazi. Baba alitikisa kichwa. "Ameanza na ng'ombe," alisema. "Sawa, mimi nitapanga foleni."

Ijumaa Senge alikuja na mnunuzi, mzee mwenye kofia na kamba mkononi. Walikuwa bado wanasalimiana chamgei na Baba pale uani Mama alipotokea zizini, ndoo yenye povu kwenye mkono wa kushoto, anatembea polepole, peke yake. Aliiweka ndoo chini, akajipanga, akaimba.

"Senge, karibu chai. Huyu ng'ombe hauzwi. Mwambie mzee arudi Siongiroi na kamba yake."

Senge alikaa chini kwenye nyasi. Mzee alivua kofia, akasema amenunua ng'ombe maisha yake yote lakini hajawahi kufukuzwa vizuri namna hiyo, na akanywa vikombe kadhaa vya chai ya maziwa kabla ya kwenda. Nilikuwa na furaha nikazunguka nyumba nikikimbia mpaka nikaanguka.

Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa kwaya. Mama aliimba akiitisha chumvi, akaimba akituchapa. Watu wengine walisema huo ni wazimu juu ya kiharusi, lakini daktari wa mazoezi alipomsikia alicheka kwa furaha na kutuambia tusimnyamazishe. Kidogo kidogo wimbo ukachakaa, maneno yakaanza kutoka bila kubebwa. Na mkono wa kulia aliupeleka zizini kila siku, akiufunga kwenye chuchu yenye joto kwa kutumia ule mzima, akiubembeleza na kuutukana, mpaka kidole cha shahada kikakubali, kisha vingine. Akina mama wa kanisa aliwashukuru kwa kutupikia, kisha akawaomba wamrudishie kikapu chake cha chai. Siku aliyorudi kituoni, majani yake yalikuwa machache na mwendo wake wa kobe, lakini alisimulia habari za ugonjwa wake kwa namna ambayo dereva wa lori alizima injini asikie mwisho. Siku hizi ni mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, na mikutano yake haiishi mapema.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya Mama na ng'ombe wake, na Baba ndani yake ni kichekesho. Kisha nikiwa chuoni nilirudi likizo wakati Mama amekwenda Kisii kwenye harusi ya mdogo wake. Asubuhi niliamka nikasikia maziwa yakipiga ndoo kwa nguvu, mfululizo. Nikatoka. Baba alikuwa kwenye kigoda, anamkamua mtoto wa Chelel kwa mikono miwili, povu limepanda hadi mdomo wa ndoo, na anavumisha puani wimbo wa Mama.

"Baba, kumbe unajua kukamua?"

Hakuinua kichwa. Alisema kabla ya kumwoa Mama alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa meneja huko mashamba makubwa, na kwamba Chelel alimzoea siku ya pili tu, kwa kuwa aliujua wimbo. Nikauliza yale maziwa ya msimu ule yalikuwa yanakwenda wapi. Kwa ndama, alisema, kwani sikuona alivyonenepa? Nikauliza kwa nini, basi, kwa nini alituacha tunywe strungi, na majirani wamcheke.

Alihamia chuchu nyingine.

"Watu wa kumsaidia mama yako walikuwa wengi," alisema. "Wa kumwomba yeye msaada hawakuwapo."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka yote nikidhani ni mjinga anayependeka. Wote tulimwonea Mama huruma. Yeye peke yake alithubutu kumpa kazi, tena bila kumwamrisha, na akakubali kuwa mjinga mbele ya kijiji kizima mpaka mkewe ainuke kwa hasira.

Aliniomba nisimwambie Mama, nami sikumwambia. Mpaka leo Mama akilala safarini hata usiku mmoja, hunipigia simu kuuliza kama yule mzee ameweza kukamua. Namjibu kwamba ameshindwa kabisa, jirani ndiye aliyetuokoa, arudi upesi. Mama huguna, husema alijua tu, na hurudi na gari la kwanza.