Krismasi ya Magunia Yaliyolowa

Nilifanya kazi kwenye kaunta ya posta Kilindoni, kisiwani Mafia, tangu nikiwa msichana aliyetoka Baleni akiogopa hata kuinua mkono wa simu, hadi nilipostaafu nikiwa bibi wa wajukuu. Watu wakiniuliza ni mwezi gani naukumbuka zaidi, hushangaa nikiwajibu Desemba.

"Wewe Mwislamu, na kisiwa chenyewe cha Waislamu," huniambia. "Krismasi inakuhusu nini?"

Aliyefanya kazi posta enzi zile haniulizi swali hilo. Sisi wa Mafia wenyewe tulikuwa hatutumiani kadi, lakini kisiwa kilikuwa na walimu, wauguzi, askari na maofisa waliopangiwa kazi kutoka bara, na kila mmoja alikuwa na mama, mchumba au ndugu huko kwao. Ikifika Desemba, ndugu wote hao walikumbuka kwa pamoja. Magunia ambayo miezi mingine yalikuja yamelegea kama puto lililoisha pumzi, Desemba yalikuja yametuna, na ofisi yetu ndogo ikajaa hadi tukawa tunapita upande upande.

Tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Mkristo, mtu wa milimani, mrefu, mpole, aliyefika kisiwani hajui kula samaki mwenye miba. Likizo ya Desemba kwa mtu wa posta haikuwepo, kwa hiyo yeye ambaye sikukuu ilikuwa yake ndiye aliyekaa na sisi kuwapelekea wengine furaha yao. Wa pili nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa mgawa barua wetu, mzaliwa wa Kirongwe, mwembamba, mwingi wa maneno. Alikuwa na baiskeli ya ofisi, na barua za kisiwa cha Juani zikiwepo aliiacha pwani kwa mtu akavuka.

Nakumbuka harufu ya gundi. Nakumbuka sifongo la kulowanishia stempu, ambalo lilikauka mapema kila siku hadi nikaishia kutumia ulimi, na jioni chai ikawa haina ladha. Zaidi ya yote nakumbuka kadi za muziki. Siku hizo zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia, zile ambazo ukizifungua zinaimba. Zilibanwa kwenye gunia, zikafunguka kidogo ndani ya bahasha, zikaanza kuimba zenyewe. Mgawa barua alipanda njia ya Kirongwe na mkoba wake ukiimba mgongoni, na watoto wakamfuata wakidhani ameficha redio.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mvua za vuli zilichelewa kuondoka. Barua zetu wakati ule zilikuja na ndege ndogo, na kiwanja chetu kilikuwa cha udongo. Kikajaa maji. Ndege ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na walimu wakawa wanakuja kaunta asubuhi na mchana kuniangalia usoni kabla hawajauliza kitu. Mwishowe tukapigiwa simu kwamba magunia yetu yamepelekwa kwa gari hadi Nyamisati, upande wa bara, na atafutwe mtu wa kuyaleta kwa boti.

Mkuu alimtazama mgawa barua. Mgawa barua hakungoja kuambiwa.

"Nitaenda mimi, mzee. Nitarudi kabla watu hawajachinja kuku wao."

Alivuka salama. Akapiga simu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa kule kusema ameyapata magunia yote na wanaondoka asubuhi ile ile maji yakijaa. Hiyo ilikuwa siku ya kuamkia Krismasi. Tukahesabu kwamba alasiri tutakuwa naye. Nikapanga meza, nikafagia, nikaweka kamba za kufungia vifurushi tayari.

Alasiri ikapita. Upepo ulikuwa umekaza na bahari nje ilikuwa nyeupe. Boti nyingine iliyotoka Nyamisati nyuma yao ikafika, na nahodha wake akatuambia bila kuzunguka kwamba hakuiona boti yetu njiani. Mkuu alimwomba arudie. Nahodha akarudia, maneno yale yale. Magharibi ilipoadhiniwa niliswali palepale ofisini, na nilipotoa salamu nikamwona mkuu amesimama mlangoni, shati limemganda mwilini kwa mvua.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Kwa ajili ya kadi. Kadi tu, dada."

Na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Asubuhi ya Krismasi alivaa nguo zake za kanisani, suruali nyeusi iliyonyooshwa, lakini hakwenda kanisani. Nilimkuta ufukweni, amesimama karibu na vyombo vilivyopakiwa nazi. Na hapo ndipo lilipofika jambo alilokuwa akiliogopa kuliko yote. Habari zilikuwa zimekwenda Kirongwe na lori la jioni, na mama yake mgawa barua alikuwa ameshuka na lori la kwanza. Alikuja kwetu moja kwa moja, mwanamke mfupi, kanga zake zimefungwa kwa nguvu, mkononi ana kifurushi.

"Mama, shikamoo," mkuu alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi ndiye mkuu wake. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Najua. Na bahari umeituma wewe?"

"Umekula?" mama akamuuliza.

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Basi kaa ule. Ukimngoja mtu na njaa, macho yanaanza kukuletea maiti." Akafungua kifurushi. Ilikuwa mihogo ya kuchemsha na vipande vya nazi. "Wewe pia, binti. Kaeni."

Tukakaa juu ya gogo, sisi watatu, tukala mihogo. Hakulia yule mama. Alitafuna taratibu akiangalia maji, na mara kwa mara midomo yake ilicheza kwa dua. Mimi nilijifanya naangalia chakula. Wakristo waliokuwa wakitoka ibadani walianza kuteremka wakasimama nyuma yetu kimya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za barua.

Jua lilikuwa limeshapanda sana mtu mmoja sokoni alipopiga kelele kwamba kuna chombo kinavutwa. Tukasimama. Kweli, mashua moja ilikuwa inakuja polepole, na nyuma yake, kwenye kamba, boti yetu imeinama upande kama mlevi anayepelekwa nyumbani. Watu wakaanza kuhesabu vichwa. Mimi sikuweza kuangalia. Niliushika mkono wa yule mama, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

"Yupo," alisema. "Yule mwenye gunia kichwani ni wangu."

Maji yalikuwa yametoka, ikabidi watembee kutoka mbali. Akaja anakanyaga matope, nguo zimechanika, gunia kichwani, na kabla hajafika nchi kavu alikuwa ameshaanza kusema.

"Mzee, magunia yote yapo! Yamelowa, lakini mihuri ya lakiri haijavunjika!"

Mkuu wetu alikaa chini mchangani na suruali yake ya kanisani, akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Nilipomkaribia nikaona anacheka na kulia pamoja. Mama hakukimbia. Alimngoja mwanawe afike, akamtua gunia, akamkagua kuanzia kichwa hadi kwenye vidole kama anavyokaguliwa mtoto aliyeanguka mtini, kisha akampiga kofi dogo begani.

"Na kofia yako iko wapi?"

Hapo ndipo machozi yakamtoka yule mama.

Baadaye mgawa barua alitueleza. Mashine ilikuwa imezimika katikati ya mkondo, upepo ukawasukuma nyuma hadi kwenye mikoko ya Rufiji. Walichota maji na kuyamwaga hadi mikono ikafa ganzi. Mwishowe wakaona moshi, wakajisukuma kwa miti hadi kwenye dago, kambi ya wavuvi, wakapewa uji wa moto na mahali pa kulala. Wavuvi wale wale ndio waliowavuta asubuhi, wakakataa malipo.

"Wamesema tuwasalimu," alisema. "Ndiyo bei yao."

Tukafungua ofisi, ingawa ilikuwa sikukuu. Tulipokata lakiri, maji yalimwagika sakafuni. Wino wa bahasha nyingi ulikuwa umetawanyika, gundi imeachia. Mkuu alizikusanya akili zake upesi. Alizichukua zile kamba za vifurushi, tukazifunga kutoka dirishani hadi kwenye kabati, kutoka kabati hadi mlangoni, na yule mama akakimbilia dukani kuazima vibanio vya nguo. Tukaanika. Bahasha zilizofunguka mkuu alizigeuzia ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

"Hatusomi," alituambia. "Hata kama limeandikwa neno moja."

Watu waliingia wakiinama chini ya kamba. Badala ya mimi kuita majina, wao ndio walitafuta, kila mtu akitazama bahasha kama anayetafuta sura ya ndugu yake kwenye umati. Muuguzi mmoja wa hospitali yetu, msichana mgeni aliyekuwa hajapata neno la nyumbani tangu aletwe kisiwani, alisimama mbele ya bahasha ambayo jina lote lilikuwa limeyeyuka, limebaki doa la buluu na herufi mbili mwishoni.

"Hii ni yangu," alisema.

"Utajuaje?" nilimuuliza, maana ilikuwa kazi yangu kuuliza.

"Mama yangu hupinda mkia wa herufi hivyo. Hakuna mwingine."

Nilimtazama mkuu. Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nikaibandua nikampa, naye akaifungulia palepale. Ilikuwa yake. Alitoka nayo nje akiwa ameikumbatia kifuani bado imelowa, ikamwachia doa la buluu kwenye gauni jeupe.

Wakati huo kadi moja ya muziki, maji yameingia sijui wapi, ikaanza kuimba. Ilikuwa na sauti ya mbu mwenye mafua, ikiupandisha wimbo pasipostahili. Mwalimu mmoja akaangua kicheko, na ofisi nzima ikafuata. Kadi iliimba hadi alasiri. Ilipofika wakati huo sufuria za pilau zilikuwa zimeshaletwa kutoka nyumba za walimu na za askari, na majirani zetu wenye asili ya Uarabuni, wenye duka la vibanio, wakaleta kahawa na halua. Mama wa Kirongwe aliketishwa kwenye kiti cha mkuu nyuma ya meza. Yeye aliona ni jambo la kawaida kabisa.

Miaka iliyofuata Krismasi zilikuwa nzuri, lakini zilianza kupungua uzito. Simu za mkononi zikaja. Mara ya kwanza nilipomwona mwalimu akisoma salamu kwenye simu yake mbele ya kaunta yangu, sikuelewa kwamba nilikuwa naangalia mwisho wa kitu. Desemba moja mgawa barua alifungua gunia, akalikung'uta juu chini, na zikadondoka kadi ambazo zingeenea kwenye kiganja. Tukatazamana.

"Labda zimebaki kule," alisema, ingawa alijua.

Mkuu alihamishwa, akastaafu, akarudi milimani kwao. Sisi tulifuata kustaafu. Mpaka leo tunapigiana simu, na mazungumzo hayaishi bila magunia na gundi. Mgawa barua ndiye mwenye hamu ya siku zile kuliko wote. Husema Krismasi ya simu haina mtu ndani yake. Mimi namwacha aseme, lakini mwaka jana nilimwambia ukweli wangu. Kazi ile niliipenda, na wale watu nimewakosa. Lakini upepo ukivuma Desemba, nikasikia mabati yanagonga, nalala nikijua hakuna mtoto wa mtu aliyeko baharini kwa ajili ya kadi. Salamu zimeshafika kwa simu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila mwaka.

"Hata mimi, dada," mgawa barua alisema kwenye simu. "Bahari ile sijawahi kuisahau. Ila usimwambie mtu."

Desemba hii mkuu alituchelewea. Yeye huanza kutupigia mapema, lakini siku zilipita simu yake haipokelewi. Ana umri mkubwa, na presha. Mgawa barua alikuja kwangu kutoka Kirongwe, akakaa barazani hasemi, na yeye si mtu wa kutosema. Sote tulikuwa na wazo lile lile. Nikampa chai, akaizungusha kikombeni hadi ikapoa.

Simu ilipolia ilikuwa namba ya mkuu, simu ya picha. Nilibonyeza kupokea. Akatokea yeye, karibu mno na kioo, miwani myeusi usoni, kipara kinang'aa.

"Shikamoo mzee!" tulisema kwa pamoja, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

"Marahaba! Marahaba wanangu! Nilifanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, daktari akanikataza simu, na binti yangu akaifungia kabatini. Leo ndiyo nimeruhusiwa. Mlidhani nimekufa?"

"Hapana," nilisema.

"Ndiyo," mgawa barua alisema, na akaanza kucheka huku anajifuta uso kwa ukingo wa kanzu.

Mkuu alivua miwani, akasogea, akatuangalia mmoja mmoja kwa macho yake mapya.

"Kumbe mmezeeka namna hii," alisema. "Nilikuwa nawaona vijana."

Tulizungumza hadi chaji ikakaribia kwisha. Alitaka kujua bei ya pweza, kama uwanja wa ndege sasa una lami, na kama mama wa Kirongwe bado anawakaripia watu. Tukamwambia alitangulia mbele ya haki mwaka huu, kwa amani, kitandani kwake. Akasema sala fupi ya kwao, nasi tukaitikia amin. Simu ilipokatika, mgawa barua aliomba chai nyingine, ya moto, na kipande cha mkate, maana, alisema, tangu asubuhi alikuwa hajala.